Jivu Lilingane na Nywele za Mama Mkwe

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi mshonaji aliketi uani kwa mkwewe, kichwa wazi, uso ameuelekeza mashariki, akasubiri wanaume watu wazima waje kumtazama nywele. Walikuja wamejipanga mstari, waashi wa mji mzima, kila mmoja na sahani nyeupe ya bati mkononi, na ndani ya sahani fungu la jivu. Mmoja baada ya mwingine walisogea, wakasema "shikamoo mama", wakainua sahani hadi usawa wa sikio lake, wakafumba jicho moja. Jivu likilingana na mvi zake, mwashi alikwenda zake kuchanganya saruji. Lisipolingana, alirudi kwenye pipa lake kuchoma upya. Kazi ya mshonaji ilikuwa kuitikia marahaba na kujizuia kupiga chafya.

Usidhani mji huo ulikuwa wa wendawazimu. Watu wake walikuwa na akili zao timamu kama wewe. Walifagia nyua zao, waliwahi kazini na walibishana kuhusu mpira. Ila walikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na fomu, na fomu ikishagongwa muhuri watu wenye akili timamu hukaa pembeni na akili zao wakisubiri waulizwe.

Mambo yalianza kwa nia njema kabisa. Mkwe, yaani mume wa binti yake wa pekee, alikuwa mwashi, tena mwashi wa kuaminika, ambaye ukuta wake ukiupima kwa timazi hukuti pa kumlaumu. Mwaka huo saruji iliadimika. Akasikia kwamba jivu la pumba za mpunga, likichomwa vizuri na kusagwa laini, linaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji, kwenye kujengea na kwenye kupiga lipu pia. Na pumba zilikuwa tele. Nyuma ya kinu cha kukoboa mpunga, ng'ambo ya daraja, kulikuwa na mlima wa pumba ambao hakuna aliyejua la kuufanya. Mbuzi walikuwa wameukataa, na upepo ukivuma mlima wenyewe ulihamia machoni mwa watu. Mkwe akatoboa pipa matundu ubavuni, akalijaza pumba, akawasha moto uani.

Mara ya kwanza jivu lilitoka jeusi, mkaa bado umo ndani. Mchanganyiko wake ulikunywa maji bila kushiba na ulipokauka ukabomoka kwa kidole. Mara ya pili moto ulizidi, jivu likatoka jeupe pe, zuri la kutazamwa, lakini lilikuwa limeungua mno na halikushikana na chochote. Mara ya tatu lilikuja la katikati. Mkwe akalisaga, akalichekecha, akapunguza saruji sehemu kumi na tano katika kila mia akajaza jivu, akafinyanga vitofali vidogo vya majaribio, akavitia majini katika beseni kubwa la kuogea, kwa sababu hakuwa na chombo kingine. Siku ishirini na nane watu wa nyumba hiyo walioga kwa kopo. Siku ya ishirini na nane akavipeleka vitofali Ofisi ya Vipimo vya Ujenzi, vikatiwa kwenye mashine ya kubana, mashine ikanguruma na kutetemeka, na vitofali vya jivu vikastahimili zaidi kuliko vile vya saruji tupu.

Alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani. Tatizo likabaki moja: atajuaje kila mara kwamba jivu limeiva sawasawa? Hakuwa na chombo cha kupimia joto, alikuwa na pipa. Wakati wa chakula cha mchana akaliweka kidogo kwenye kisosi katikati ya meza, wote watatu wakaliinamia.

"Si jeusi, si jeupe," mkwe alisema. "Sasa watu nitawaelezaje?"

Binti, tonge bado liko mdomoni, akasema, "Si rangi ya nywele za mama hiyo?"

Wakamgeukia mama. Mkwe, ambaye kwa adabu yake hakuwahi kumtazama mama mkwe juu ya nyusi, siku hiyo alimtazama utosini kwa muda mrefu mpaka mshonaji akaona haya, akavuta kitambaa akajifunika. Lakini ilikuwa kweli, rangi ilikuwa ile ile.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo angelifanya mwashi mkweli tu. Mjanja angeandika uongo unaoeleweka. Kwenye fomu ya kuomba kibali palikuwa na mstari usemao "Njia ya kutambua ubora wa malighafi". Mkwe aliutazama mstari huo, akakuna shingo, akaandika kwa herufi kubwa: JIVU LILINGANE NA NYWELE ZA MAMA MKWE. Ofisi ikaona vitofali vimefaulu, fomu imejazwa hadi chini, hakuna mstari uliorukwa. Ikapitisha.

Wiki iliyofuata alipiga hodi mkaguzi wa ofisi hiyo, mwanamume mwembamba mwenye faili kwapani. Mji mzima ulimwita Bwana Kifungu, kwa sababu hakuweza hata kuomba maji ya kunywa bila kutaja kifungu kinachomruhusu kuwa na kiu.

"Mama mkwe yuko wapi?" aliuliza.

"Ni mimi, mwanangu. Karibu kiti."

Hakuketi. Alimzunguka mara mbili, akainama, akaandika. "Kuanzia leo, wewe ni kipimo. Kwa mujibu wa kifungu cha nne, kipimo hakipakwi rangi, hakitiwi mafuta, hakikatwi, hakianikwi juani zaidi ya nusu saa, na hakivuki mpaka wa mji. Mpaka wa mji ni daraja."

"Na kikitaka kwenda msibani ng'ambo?"

Bwana Kifungu alipekua faili. "Kiombe ruhusa siku kumi na nne kabla ya msiba."

Alipoondoka mshonaji na binti yake walicheka hadi wakashika mbavu. Na mwanzoni, nisikufiche, mama wa watu alifurahia. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, umri ambao mwanamke akipita njiani watu humpisha bila kumwona, na ghafla mji mzima unakitaja kichwa chake. Waashi walimletea magauni ya wake zao ayarekebishe. Kinyozi wa kona ya barabara alimwamkia kwa mbali, mikono nyuma, asije akashukiwa.

Lakini furaha hiyo ilikwisha upesi. Watu waliacha kumwita mama, wakamwita Kipimo. "Kipimo ameamka?" "Kipimo amelala upande gani?" Mvua ikinyunya, majirani walimkimbilia yeye kabla ya nguo zilizoanikwa. Bwana Kifungu akaleta notisi ya kubandika mlangoni, na mpiga mbiu wa ofisi akapita akitangaza kwamba haifai kumshtua Kipimo, kwani mshtuko huotesha mvi. Hata binti yake mwenyewe, aliyemnyonyesha, alianza kumwambia, "Mama, usikune hapo." Alisema kwa upole, lakini alisema. Mshonaji alirudi kwenye cherehani yake akakanyaga pedali kwa hasira mpaka sindano ikakatika.

Mtu mmoja tu hakumwita Kipimo. Huyo alikuwa mzee wa kinu, mjane wa miaka mingi, mwenye kile kinu cha ng'ambo na mlima wake wa pumba. Kila Jumatano alileta magunia ya pumba kwa mkokoteni. Alikuwa na upara unaong'aa, vumbi la mpunga masikioni, na sauti kubwa kupita kiasi, kwa kuwa miaka thelathini alikuwa akizungumza juu ya ngurumo za mashine. Alikuja na magunia yaliyochanika pia, akampa mshonaji ayashone, kisha akayageuza ndani nje na kuuchunguza mshono.

"Fundi!" alinguruma. "Mshono wako hauachii hata punje moja!"

Alimwita fundi. Mshonaji alikuwa ameshona tangu akiwa msichana, alikuwa ameshona sare za shule nzima, na hakukumbuka mara ya mwisho mtu alipomwita kwa kazi yake. Akaanza kuzungusha mshono mara mbili pale palipotosha mara moja, ili magunia yakae kidogo zaidi na mwenyewe asubiri. Walinywa chai. Walizungumza, yaani yeye alizungumza na mzee alinguruma. Ilipofika miezi minane, Jumatano moja mzee alivua kofia, akaangalia huku na huku, akainama sikioni kwake na kujaribu kunong'ona.

"Fundi, nikuoe?"

Mtaa mzima ulisikia. Mtu wa nyumba ya tatu akajibu, "Kubali, mama!" Mshonaji akafunika uso kwa gunia, akacheka, akakubali. Wakapanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata, ofisini kwa msajili, mashahidi wawili na chai. Kisha angehamia ng'ambo.

Jambo moja tu alilitaka kwa ajili ya siku hiyo: apake nywele rangi nyeusi. Usimcheke, hakuwa akitafuta usichana. Nywele zake zilikuwa nyeusi tii hadi mwaka ule ambao marehemu mumewe aliugua. Alishona kando ya kitanda chake miezi kumi na moja, na siku walipotoka makaburini alijitazama kiooni akakuta kichwa cha mtu mwingine. Alimpenda mumewe, na alimlilia haki yake. Ila mvi zile hazikuja kwa umri, zilikuja na ugonjwa ule, na kila Jumatatu watu walikuja kuutazama ugonjwa ule kwa jicho moja wakauita mzuri. Alikuwa amechoka. Alitaka kuingia nyumba mpya na kichwa chake mwenyewe.

Akaandika maombi mawili, la kupaka rangi na la kuvuka daraja. Bwana Kifungu akaja mwenyewe na kioo cha kukuzia, akatafiti kichwa robo saa nzima, na uso ukambadilika.

"Kipimo kinakuwa cheupe," alisema.

"Ninazeeka, mwanangu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Ikadhihirika kwamba mambo yalikuwa yamekwenda mrama muda mrefu. Kichwa kilikuwa kikiendelea kung'aa kidogo kidogo, na waashi, watiifu, walikuwa wakichoma jivu jeupe zaidi kila mwezi ili lilingane. Mkwe alikuwa ameona lipu yake ikianza kufanya unga, akanyamaza akidhani mchanga ndio mbovu. Choo cha soko kilikuwa kimemwaga lipu yote. Katika korido ya Ofisi ya Vipimo yenyewe watumishi walipita wameshika miavuli.

Siku ya tatu ikaja barua. Binti aliisoma kwa sauti mezani. Maombi yote mawili yamekataliwa. Aidha, Kipimo kinatakiwa kuacha kuzeeka mara moja, hadi taarifa nyingine itakapotolewa. Kipimo kilale mapema, kisihuzunike, na kisifurahi kupita kiasi. Nakala kwa daktari.

"Nani huyo anayeacha kuzeeka kwa barua?" mshonaji aliuliza. 

Akafunga safari hadi ofisini, kitambaa kichwani, kwa hatua za mtu aliyeazimia. Hakwenda mikono mitupu. Alimwambia Bwana Kifungu akate kishungi cha nywele akiweke kwenye bahasha. Haiwezekani, Bwana Kifungu alijibu, fomu inasema nywele za mama mkwe, na nywele zikishakatwa ni za bahasha. Akatoa kwenye mkoba boksi lake la nyuzi. Miaka arobaini ya kulinganisha uzi na kitambaa ilikuwa imempa jicho lisilodanganyika. Akatoa uzi mmoja wa kijivu, wa rangi ile ile ya nywele zake siku ya kisosi, kabla hazijazidi kuwa nyeupe. Chukueni huu, alisema, hauzeeki wala hauolewi. Haiwezekani pia, uzi haukujaza fomu.

"Basi vunjeni vitofali," alisema. "Kama mlivyofanya siku ya kwanza. Kila mwashi alete vitofali vyake, mviloweke, mvibane kwenye mashine. Mashine iko wapi?"

Bwana Kifungu akaonyesha kwa kidevu. Mashine ilikuwa pembeni, imetandikwa kitambaa cha mezani, na juu yake pamewekwa birika na vikombe vya watumishi. Tangu wapate kichwa hawakuihitaji, na aliyekuwa mwendeshaji wake sasa alikuwa msaidizi wa kuhesabu sahani za Jumatatu.

Jioni hiyo mshonaji alimkalisha mkwewe chini. Ndiye aliyejaza fomu, ndiye aliyeandikwa mwombaji. Kwa sheria zao, neno lake peke yake ndilo lingesikilizwa.

"Baba," alimwambia, kwani hivyo ndivyo alivyomwita kwa mapenzi, "kaseme umekosea."

Mkwe aliinamisha kichwa. Alikuwa amepata kazi kubwa ya kwanza maishani mwake, madarasa manne ya shule ya msingi, na kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. "Nikisema hivyo kibali kinakufa, mama, na kazi inasimama. Nivumilie nimalize madarasa. Miezi sita tu. Huyo mzee hatakimbia."

"Yeye hatakimbia. Mimi je? Mimi naambiwa nisizeeke, nisifurahi, na wewe unaniongezea miezi sita."

"Mama, nielewe."

"Nimekuelewa," alisema, akaenda kulala na njaa. Alimpenda kijana yule na siku hiyo alimchukia, vyote viwili kwa pamoja, na vikamnyima usingizi.

Ikabaki wiki moja kabla ya harusi. Jumapili mchana, mkwe na binti walipokwenda kumtazama mgonjwa, mshonaji alipiga moyo konde. Alifunga mlango wa chumba chake, akachanganya rangi nyeusi katika kikombe, akavaa glavu za mpira, akajipaka kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni. Alisubiri kwa saa ya ukutani, akaosha, akafuta kioo. Aliyemtazama kutoka kioo hicho alikuwa na mikunjo yake yote, lakini alimjua. Alilia kidogo, akapanga meza.

Jumatatu alijifunga kitambaa hadi saa tatu kamili. Alikuwa amepiga hesabu zake: wataona, watapiga kelele, watamfukuza ukipimo, na Jumamosi atavuka daraja. Waashi wakajipanga, mkwe akiwa wa kwanza. Bwana Kifungu akafungua faili. Mshonaji akafungua kitambaa.

 Sahani ya mkwe ilibaki hewani, jivu lake la kijivu kando ya nywele nyeusi tii. Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaziba mdomo kwa viganja.

Bwana Kifungu alikitazama kichwa, akaitazama sahani, akarudi kichwani. Mtu angeweza kuona jinsi akili yake inavyohangaika ndani kutafuta mlango. Hatimaye akakohoa.

"Jivu limekataliwa," alitangaza. "Lote. Mstari mzima."

"Sio jivu, mwanangu, ni mimi!" mshonaji alisema. "Nimepaka rangi. Jana. Kikombe bado kiko chumbani, njoo uone."

"Kipimo hakitoi maoni," alisema Bwana Kifungu bila kumtazama. "Na kipimo hakikosei. Kifungu cha kwanza. Waashi, kuanzia leo mtachoma jivu jeusi, mfano wa hiki mnachokiona."

Mwashi mzee wa katikati ya mstari aliinua kidole. "Bwana mkubwa, jivu jeusi si linabomoka?"

"Kibali hakisemi lisibomoke. Kibali kinasema lilingane."

Waashi walitazamana. Mmoja akabetua mabega. Kuchoma jivu jeusi ni kazi nyepesi, halihitaji kuangaliwa, unawasha unaondoka. Mstari ukaanza kukatika, watu wakageuka na sahani zao, na mtu mmoja mle katikati alikuwa tayari anauliza nani ana pipa la ziada.

 Hili mshonaji hakulipigia hesabu. Alitaka kukitoa kichwa chake mikononi mwao, na sasa kichwa hicho hicho kinakwenda kuangusha kuta za mji. Akayaona madarasa manne, madawati, migongo midogo imeinamia madaftari, ndani ya sare ambazo huenda alizishona yeye. Akasimama. "Nyie! Rudini! Nisikilizeni!" Walimsikia na waliendelea kwenda. Kwa nini wamsikilize? Karibu mwaka mzima walikuwa wameinua sahani hadi sikioni kwake na hakuna aliyewahi kusubiri jibu zaidi ya marahaba.

Akamgeukia mkwewe.  Mkwe alikuwa bado amesimama palepale, mkono juu, sahani imeinama hadi jivu linamwagika kiatuni. Alikuwa mtu wa madarasa manne yaliyofika madirishani, mwenye kibali kimoja, na mbele yake paliketi faili. Mshonaji aliuona woga wake waziwazi usoni, akaona pia ukipigana na kitu kingine, na kwa muda hakujua kipi kitashinda.

Mkwe akaweka sahani chini.

"Futa kibali changu," alisema. Kisha akarudia kwa nguvu. "Futa! Mimi ndiye niliyejaza ile fomu na niliandika upuuzi. Jivu jeusi litawaangukia watoto, na mimi sijengi kwa jivu hilo. Sikilizeni, waashi wenzangu. Kilichopima jivu siku ya kwanza ni mashine, ilibana vitofali vyangu hadi vikapasuka. Mkitaka kujua uzuri wa jivu, leteni vitofali tuvivunje. Hiki hapa si kipimo." Akamnyooshea mkono mshonaji. "Huyu ni mama yangu."

Hakusema mama mkwe. Mshonaji alikuwa amezaa mtoto mmoja tu, miaka thelathini na tatu iliyopita, na asubuhi hiyo akiwa amesimama uani na nywele za rangi ya dukani alihisi amepata wa pili. Machozi yakamtoka mbele ya watu na hakuyajali.

Mwashi mzee wa katikati ya mstari ndiye aliyegeuka wa kwanza. Alikuja hadi mbele ya mshonaji, akamtazama usoni, si utosini, akaonekana kushangaa kwamba huko chini ya nywele kuna macho. "Shikamoo mama," alisema. "Samahani." Kisha akamwaga jivu la sahani yake kwenye ndoo ya mkwe na kuuliza vitofali vya majaribio vinafinyangwa kwa kimo gani. Wengine wakarudi nyuma yake, wakaanza kubishana kwa sauti, kama kawaida ya waashi, juu ya nani ana beseni kubwa.

Akabaki Bwana Kifungu na faili lake. Maskini, alikuwa katika hali ngumu. Hakuwa na mahali popote pa kuandika kwamba kipimo kilikuwa upuuzi tangu mwanzo, maana hilo lingemgusa aliyegonga muhuri, naye ndiye aliyegonga. Akapekua kurasa, akapekua tena, jasho likamtoka. Mwishowe, kule nyuma kabisa, akapata karatasi moja ambayo haikuwahi kutumika: Fomu ya Kuondoa Kipimo Katika Huduma.

"Hii inajazwa na kipimo chenyewe au mwakilishi wake," alisema kwa unyonge. "Inataka sababu. Weka alama kwenye kisanduku kimoja."

Mshonaji alifuta macho, akavaa miwani ya kushonea, akaisoma. Visanduku vilikuwa vitatu. Kimepotea. Kimevunjika. Kimechakaa.

"Hapa hakuna changu," alisema.

"Lazima kimojawapo, mama. Wengi huandika kimechakaa."

Alimtazama juu ya miwani mpaka kijana wa watu akaangalia pembeni. Kisha akaichukua kalamu mkononi mwake, akaiweka karatasi gotini, na chini ya vile visanduku vitatu akachora cha nne kwa mkono wake uliozoea kukata kitambaa, pembe zote zimenyooka. Akakitia alama. Kando yake akaandika: Kinaolewa.

Bwana Kifungu aliisoma mara mbili, akatafuta kifungu cha kuikatalia, hakukipata, akaipulizia wino ukauke na kuigonga muhuri.